"Amepata mshtuko": mshtuko upi hasa?

Mtu maarufu akifariki ghafla, kabla hata ndugu hawajatoa taarifa, mitandaoni sababu huwa imeshapatikana: mshtuko wa moyo. Msomaji mmoja anaelewa kwamba marehemu aliletewa habari mbaya na moyo ukashindwa kuhimili. Wa pili anaelewa kwamba mshipa wa moyo uliziba. Wa tatu anafikiria kiharusi, maana hata mjomba wake "alipata mshtuko" akapooza upande mmoja. Wote wamesoma Kiswahili kilekile na hakuna aliyekosea kusoma. Neno ndilo limebebeshwa mizigo mingi mno.

Kijiweni mkanganyiko huo haumdhuru mtu. Unadhuru pale mtu anapoanguka mbele ya watu, kwa kuwa kila mshtuko una huduma yake, na huduma ya huu inaweza kummaliza mwenye ule. Aspirini inayomfaa aliyezibwa mshipa wa moyo inaweza kumwongezea kuvuja kwa damu kichwani mwenye kiharusi. Dripu za haraka zinazomrudisha mgonjwa wa kipindupindu zinaweza kumjaza maji mapafuni mwenye moyo dhaifu.

Tuanze na neno. Kushtuka, au kushituka kama wengine wanavyotamka, ni mwili na akili kukutwa na jambo lisilotarajiwa. Uzito wa maana uko kwenye ghafla. Ndiyo maana waziri hufanya ziara ya kushtukiza, mwalimu hutoa mtihani wa kushtukiza, na kijana wa mjini akisema "nimeushtukia mchezo" ana maana kaugundua ujanja kabla haujamnasa. Hata kifundo cha mguu hushtuka: umekanyaga vibaya, kano zimevutika, lakini mfupa uko mahali pake.

Pembeni ya mshtuko yapo maneno yanayodhaniwa pacha wake ilhali kila moja lina kazi yake. Butwaa na bumbuwazi ni kuganda: mtu kakodoa macho, mdomo wazi, hajui aseme nini. Taharuki ni ya kundi, watu wanahangaika huku na huko wakiulizana kulikoni. Fadhaa hukaa moyoni na huweza kushinda humo siku nzima. Kihoro ni huzuni nzito ya kupotewa, na wazee wakisema fulani kafa kwa kihoro hawafumbi maneno, wanataja sababu ya kifo. Kupepesuka na kuyumba ni vya miguu: mtu anakwenda upande, huku akitafuta pa kushika.

Mpaka hapo hakuna ugonjwa. Gazeti likiandika kwamba mji mzima umepatwa na mshtuko, hakuna anayetafuta gari la wagonjwa. Shida ilianza hospitali ilipolichukua neno hilohilo na kulipa kazi nyingine kadhaa.

Mshtuko anaousema daktari

Muuguzi akimwambia mwenzake "huyu ameingia kwenye mshtuko", hazungumzii hofu. Anasema damu haifiki kwenye viungo kwa kiasi kinachotosha, hivyo ubongo, figo na moyo wenyewe vinakosa oksijeni. Mgonjwa anaweza kuwa ametulia, anaongea, pengine analalamikia kiu tu, na bado akawa katika hali hiyo. Mwingine anapiga kelele na kutetemeka kwa woga, na hana mshtuko wa aina hii hata kidogo.

Fikiria nyumba ya ghorofa yenye tenki la maji, pampu na mabomba. Maji yasipofika bafu la juu, fundi ana mambo manne ya kukagua. Tenki limekauka. Pampu imechoka. Mtu kafungua koki zote za nyumba kwa pamoja, presha imekwisha. Au kuna kitu kimeziba njia. Mishtuko yote ya hospitalini, majina yake hata yawe marefu namna gani, inaingia katika mojawapo ya hizo nne.

Tenki kukauka ndiyo aina tunayoikuta zaidi barabarani na majumbani: damu inayomwagika kwenye ajali ya bodaboda, damu ya mama aliyejifungua, maji yanayotoka kwa kuhara na kutapika. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita 5 hivi. Akipoteza mpaka mililita 750, mwili huziba pengo na kwa nje huoni kitu. Kati ya mililita 750 na lita moja na nusu, mapigo ya moyo yanavuka 100 kwa dakika, viganja vinapoa, mtu anakosa utulivu. Akivuka lita moja na nusu, presha ndiyo sasa inaanguka na maneno yanaanza kumchanganyikia. Baada ya lita 2 anasinzia, na muda uliobaki ni mfupi.

Rudia hesabu hiyo uone mtego ulipo. Presha inaanguka mwishoni. Mtu anaweza kuwa amepoteza zaidi ya lita moja na kipimo kikasoma 110 juu ya 85, ndugu wakaambiana "presha yake iko vizuri" na kurudi kukaa. Mwili umebana mishipa na kukimbiza moyo ili namba isishuke. Hauwezi kufanya hivyo muda mrefu, na ukichoka unaachia kwa mkupuo. Vijana na wajawazito ndio wanaodanganya zaidi, kwa kuwa miili yao hujitetea vizuri mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo anayepima aangalie namba mbili pamoja: mapigo ya moyo yakiikaribia namba ya juu ya presha, mathalani mapigo 115 na presha 110, hiyo ni dharura hata kama kila namba peke yake haitishi.

Kipimo kisipokuwepo, ukucha unatosha. Bonyeza ukucha wa kidole cha mkono kwa sekunde 5, achia, hesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichukua 3 au zaidi kwenye chumba ambacho si cha baridi, damu haizunguki vizuri. Kucha zenye hina au rangi hazisomeki, hapo bonyeza katikati ya kifua juu ya mfupa. Kwa mtoto mgonjwa, pitisha nyuma ya mkono wako kuanzia vidole vyake kupanda juu, uone joto linaanzia wapi. Ubaridi unaopanda hadi kwenye kigasha si dalili nzuri. Angalia pia ndani ya kope la chini na kwenye viganja kama pamekuwa peupe, na uliza alikojoa lini mara ya mwisho. Figo ni kati ya viungo vya mwanzo kunyimwa damu, mkojo hukata mapema.

Kwa mama aliyejifungua, kipimo kingine kiko chumbani. Nusu lita ya damu baada ya kujifungua ndiyo mpaka ambao Shirika la Afya Duniani linauita kuvuja damu kupita kiasi, lakini nani anaijua nusu lita kwa macho, tena ikiwa imeenea kitandani? Watafiti waliofanya kazi na wakunga wa jadi mkoani Kigoma walipima kwa kanga: kanga mbili za kawaida zikilowa damu, mama ameshafika nusu lita au kuizidi kidogo. Mkunga asiyejua kusoma mililita anaweza kuhesabu kanga. Usisubiri ya tatu.

Damu inayoonekana hukomeshwa kwa kukandamiza. Chukua kitambaa safi, weka juu ya jeraha, kandamiza kwa kiganja kwa dakika 10 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kila dakika wanainua kitambaa kuangalia kama imekata, na kila wanapoinua wanang'oa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usimwagie kahawa, majivu wala mafuta ya taa. Mlaze chali, inua miguu kiasi cha sentimita 30 kama haijavunjika na kama anapumua bila shida, mfunike, usimpe chakula wala kinywaji, kwa sababu huenda akaingizwa chumba cha upasuaji na tumbo lililojaa ni hatari chini ya dawa ya usingizi.

Mwenye kuhara ni kinyume: huyo anywe, na anywe mapema. Pakiti ya ORS huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe, mara nyingi lita moja. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visawazishwe, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni sumu kwa mtoto, kwa hiyo usikadirie kwa mkono.

Koki kufunguliwa zote ni hadithi nyingine. Damu ipo kamili, moyo unasukuma, lakini mishipa imetanuka na presha haina pa kushika. Maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu hufanya hivyo, na mwanzoni mgonjwa huweza kuwa na mikono ya moto, jambo linalowapoteza wanaotafuta ubaridi. Mzio mkali hufanya hivyo kwa dakika chache tu: nyuki, sindano ya penisilini, karanga, kamba au pweza kwa asiyepatana navyo. Midomo inavimba, sauti inakauka, ngozi inatoka vipele, pumzi inafupika, kisha mtu anaanza kupepesuka. Majumbani dawa ya kwanza kutajwa ni Piriton. Piriton hutuliza muwasho. Haipandishi presha wala haifungui koo. Dawa yenyewe ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, irudiwe baada ya dakika 5 kama hali haijageuka. Kituo chochote kinachochoma sindano kinapaswa kuwa nayo mezani. Wakati wa kumkimbiza, mgonjwa huyu asisimamishwe wala kutembezwa hadi kwenye gari. Alale, au kama pumzi inamsumbua aketi miguu ikiwa imenyooshwa. Wapo wanaofia kwenye kuinuka.

Njia kuziba nitaipitia haraka: donge la damu lililokwama kwenye mapafu, maji yaliyojaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo yakaubana (kifua kikuu ni chanzo kikubwa huku kwetu), au hewa iliyoubana kifua baada ya ajali. Yote yanahitaji hospitali, nyumbani hakuna la kufanya zaidi ya kumwahisha.

Kabla ya kwenda kwenye pampu, yaani moyo wenyewe, kuna imani moja ya kushughulikia: kwamba kila aliyezidiwa anafaa "kuwekewa dripu haraka". Ndugu hugombana na wauguzi kwa hili. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3,100 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi, kama 10.5 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Matokeo hayo yaliwashangaza hata waliouendesha utafiti. Watoto wenye kuhara hawakuhusishwa. Hao maji ni tiba yao. Muuguzi anayekagua kwanza mapafu na ini kabla ya kufungua dripu hafanyi uzembe.

Moyo kuziba, moyo kusimama

Sasa ule mshtuko wa kwenye habari. Madaktari wengi wanapendelea kuuita shambulio la moyo, na kwa maoni yangu vyombo vya habari vingewafuata. Misuli ya moyo ina mishipa yake midogo ya kuilisha. Ndani ya mishipa hiyo mafuta hujijenga taratibu kwa miaka. Siku moja utando wake unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inafunga. Kipande cha msuli kilichokuwa kikilishwa na njia hiyo kinaanza kufa ndani ya nusu saa hivi na kinaendelea kufa kwa saa kadhaa. Mtu huwa anajitambua. Anasikia kifua kimebanwa kama kilichowekewa mzigo, maumivu yanapanda taya au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi linamtoka, anahisi kutapika. Wanawake, wazee na wenye kisukari huweza kukosa hayo maumivu na kubaki na uchovu wa ghafla, pumzi fupi au kile wanachodhani ni vidonda vya tumbo.

Mketishe akiwa ameegemea, magoti yamekunjwa. Asitembee hata hatua chache, kila hatua ni kazi kwa moyo ulionyimwa damu. Kama anajitambua, hana mzio wa aspirini, hatokwi damu wala hana vidonda vinavyovuja, atafune miligramu 300; kutafuna huifikisha haraka kuliko kumeza. Kisha hospitali, kwa gari, si kwa kupakizwa katikati kwenye pikipiki. Wenye vifaa vya kuzibua mshipa kwa kupitisha mrija ni wachache, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ikiwa mmojawapo, lakini dawa za kuyeyusha damu iliyoganda zinaweza kuanza mahali pengine, kwa hiyo usiruke hospitali ya karibu kwa kukimbilia ya mbali bila kuuliza.

Moyo kusimama ni kitu kingine. Hapo tatizo ni umeme wa moyo: badala ya kupiga kwa mpangilio unatetemeka ovyo na hausukumi chochote. Mtu anaanguka, hajibu, hapumui. Tarehe 12 Juni 2021, jijini Copenhagen, Christian Eriksen alianguka uwanjani Denmark ikicheza na Finland, na mitandao ya Kiswahili ikajaa "mshtuko wa moyo". Moyo wake ulikuwa umesimama. Alibonyezwa kifua, akapigwa umeme wa mashine, akarudi. Akapandikizwa kifaa kifuani na miezi minane baadaye alikuwa anacheza ligi ya Uingereza. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London Machi 2012 na moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Yuko hai. Kilichowaokoa wote wawili kilianza kabla ya hospitali.

Shambulio linaweza kusababisha moyo kusimama, na ndiyo maana watu huyachanganya. Lakini huduma zake hazifanani. Aliyesimama moyo habebwi kwanza. Analazwa chali chini pagumu, kitako cha kiganja kinawekwa katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono imenyooka, na kifua kinashushwa sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikiachwa kirudi juu kila mara. Mnapokezana kila dakika 2, kwa kuwa mikono huchoka kabla mwenye mikono hajajua. Mtego wa kuukwepa ni mkoromo: aliyesimama moyo huweza kuvuta pumzi za kukatika, za kukoroma, kwa dakika kadhaa. Walio karibu husema "bado anapumua", wanangoja, na kila dakika ya kungoja bila mashine wala kubonyezwa hupunguza nafasi yake ya kuishi kwa asilimia 7 hadi 10.

Kuhusu mashine yenyewe, sinema zimetudanganya. Mstari ukilala tambarare kwenye kioo, madaktari wa sinema hushtua na mgonjwa anakaa. Umeme ule hauwashi moyo uliozimika. Unazima vurugu ya moyo unaotetemeka, ili kituo cha asili cha moyo kishike usukani tena. Mashine za hadharani hupima zenyewe na zinakataa kushtua pasipo na vurugu hiyo, hivyo asiye mtaalamu hawezi kuua mtu kwa kukosea.

Shoti

Shoti nayo imebeba maana mbili. Nyumba inaungua kwa shoti: nyaya mbili zimegusana, joto limewasha moto. Mtu anapigwa shoti: umeme umepita mwilini. Kinga ya moja si kinga ya nyingine, na wenye nyumba wengi hawaambiwi hivyo. Breka ya ampea 32 kwenye soketi inalinda waya. Mwili uliolowa, wenye ukinzani wa omu 1,000 hivi, ukikutana na volti 230 unapitisha miliampea 230, yaani chini ya ampea moja. Breka haishtuki hata. Moyo unaweza kuvurugika kuanzia miliampea 50 hadi 100, na miliampea 10 tu zinatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia ulichoshika. Kinachomlinda mtu ni RCD, swichi ya usalama inayokata umeme kwa miliampea 30 zinazopotea kwenda ardhini. Ina kitufe cha majaribio. Kibonyezwe mara kwa mara, isipokata fundi aitwe.

Aliyenaswa usimguse. Zima meni swichi. Usipoifikia, simama pakavu na umsukume kwa mti mkavu au plastiki. Waya wa nguzo ukiwa chini, kaa mbali mita 10 angalau na usijaribu ushujaa wowote kabla ya shirika la umeme kukata. Akishaachana na umeme, unaweza kumshika. Mwili hauhifadhi umeme, wala wa aliyepigwa na radi hauhifadhi. Wapo waliokufa wakizungukwa na watu wanaoogopa kuwagusa.

Habari mbaya na moyo

Je, mtu anaweza kufa kwa kushtuliwa? Mara nyingi kinachotokea msibani ni kuzimia tu: mapigo yanapungua, mishipa inatanuka, damu inakimbilia miguuni, ubongo unakosa kwa sekunde kadhaa na mtu anaanguka. Kuanguka kwenyewe ni tiba, kwa kuwa kichwa kikilingana na moyo damu inarudi. Sasa tazama tunachofanya. Mama kazimia, wanawake wawili wanamshika kwapani kumweka sawa kwenye kiti, wa tatu anampepea kwa kanga, wa nne anammiminia maji usoni na mdomoni. Kumkalisha kunarefusha kuzimia, na maji ya mdomoni yanaweza kuingia mapafuni. Alazwe chini, miguu juu, watu wasogee. Ndani ya dakika moja au mbili awe amerudi. Asiporudi, si kuzimia tena. Angalia kama anapumua.

Kwa aliye na mishipa iliyokwisha kuwa myembamba, hisia kali huweza kupasua kile kilichokuwa kinangoja. Wakati wa Kombe la Dunia la 2006, watafiti wa eneo la Munich walikuta dharura za moyo siku ambazo Ujerumani inacheza zikipanda zaidi ya mara mbili na nusu. Karibu nusu ya wagonjwa hao walikuwa wameshajulikana kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Na kihoro? Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliandika juu ya wagonjwa wenye dalili zote za shambulio la moyo ambao mishipa yao ilikuwa wazi. Kilichoharibika ni umbo: ncha ya moyo ilikuwa imevimba, shingo imebana, sawasawa na chungu kinachotumiwa na wavuvi wa huko kumtegea pweza. Wakauita takotsubo, jina la chungu hicho. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, mara nyingi baada ya msiba, ugomvi au hofu kubwa, na wengi hupona ndani ya wiki kadhaa; wachache hufa. Kihoro basi kina mahali pake kwenye vitabu vya tiba, ila huwezi kukitofautisha na mshipa ulioziba ukiwa sebuleni. Mjane anayelalamikia kifua siku ya tatu ya matanga apelekwe kupimwa, asiambiwe avumilie.

Anayepepesuka

Mtu akiyumba barabarani saa nne asubuhi, hukumu hutoka papo hapo: kalewa. Huenda ni sukari ya damu iliyoshuka chini ya milimoli 4 kwa lita kwa mwenye kisukari aliyechoma insulini akakosa chai. Naye hutoka jasho, huongea ovyo, huweza hata kuwa mkali. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiyo ya "zero", kisha angalia baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni. Huenda ni kiharusi: mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Uso ukienda upande, mkono ukishuka au maneno yakikwama, hospitali mara moja, na hapa aspirini iache.

Ukipiga simu au ukifika mapokezi, neno "amepata mshtuko" halimsaidii anayekusikiliza. Taja unachoona: anaitika au haitiki, anapumua vipi, damu inatoka wapi na imelowesha nguo ngapi, ngozi ni ya baridi au ya moto, kala au kachomwa nini. Na taja saa ilipoanza, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu kwa kiharusi na saa 12 kwa shambulio la moyo. Kama alikutwa hivyo alfajiri, usitaje saa uliyomkuta; kwa kiharusi saa inayohesabiwa ni ile ya mwisho alipoonekana akiwa mzima, hata kama ni saa nne usiku alipoaga kwenda kulala.